Ruta ya Nyumbani: Jinsi Kuta Zinavyoamua Kasi ya Intaneti (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliifuata intaneti kutoka kwenye nyaya za baharini, zilizoanza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hadi kwenye kile kisanduku ambacho fundi wa kampuni hukifunga ukutani, au ambacho mteja hukinunua dukani pamoja na laini ya simu. Sehemu hii inaanzia kwenye kisanduku chenyewe na kuishia mkononi mwa mtumiaji, safari ya mita kumi au kumi na tano tu, ambayo hata hivyo huzaa malalamiko mengi ajabu kwa ufupi wake. Kasi inayotajwa katika mkataba ni ya waya unapoingia nyumbani, na kuanzia hapo kampuni haina tena mamlaka, kwa kuwa kinachoamua ni kuta, mahali kifaa kilipowekwa, wingi wa majirani na umri wa simu zinazounganishwa nacho. Anayetaka kuchagua ruta vizuri hana budi kuikagua nyumba yake kabla ya kukagua bei na maandishi ya kwenye boksi.

Ruta ya nyumbani, ingawa kwa macho ni kifaa kimoja, hubeba kazi tatu. Ya kwanza ni upangaji wa njia wenyewe, yaani kupokea vipande vidogo vya taarifa viitwavyo pakiti na kuamua kila kimoja ni cha kifaa gani ndani ya nyumba. Hapo ndipo simu, kompyuta na runinga za familia nzima hujificha nyuma ya anwani moja tu, kwa sababu mfumo wa anwani za intaneti uliozoeleka una nafasi za anwani bilioni 4.3 hivi, pungufu ya idadi ya watu duniani. Kazi ya pili ni kuunganisha vifaa kwa waya kupitia matundu yaliyo nyuma yake, na ya tatu ni redio, yaani kurusha na kupokea mawimbi ya Wi-Fi. Mwenye nyumba anayeona intaneti yake inasuasua anaweza kuzitenganisha kazi hizo kwa jaribio jepesi: aunganishe kompyuta na ruta kwa waya, apime kasi, kisha apime tena bila waya akiwa chumba cha mwisho. Kipimo cha kwanza kikilingana na mkataba na cha pili kikianguka, hakuna sababu ya kuipigia simu kampuni wala ya kununua kifurushi kikubwa zaidi, kwa kuwa tatizo ni la redio na nyumba.

Redio hiyo hutumia hasa mikanda miwili ya masafa, na masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Mawimbi ya mkanda wa gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na yale ya gigahezi 5 yana urefu wa karibu sentimita 6. Mkanda wa kwanza hufika mbali na hupenya vizuizi kwa urahisi zaidi, lakini ni mwembamba na umejaa, kwani hutumiwa pia na vifaa vya Bluetooth, na hata jiko la maikrowevu huvujisha humo nguvu kidogo linapofanya kazi. Mkanda wa pili una nafasi pana na kasi kubwa, ila nguvu yake hupungua haraka unapokutana na ukuta.

Hapo ndipo ujenzi wa Afrika Mashariki unapoingia katika hesabu. Umbali unaotangazwa na watengenezaji hauzingatii nyumba ya tofali za saruji za inchi sita zilizopigwa lipu pande zote mbili, seuze jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar, la Lamu au la Mombasa ya kale, ambalo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa huweza kufikia unene wa nusu mita, na ambalo mawe yake hunyonya unyevu wa bahari, na maji ni mfyonzaji hodari wa mawimbi ya aina hii. Ukuta mmoja mzito unaweza kuipunguza nguvu ya wimbi hadi sehemu moja ya kumi, na kwa kuwa upungufu huo huzidishwa badala ya kujumlishwa, kuta mbili za namna hiyo huacha sehemu moja ya mia, na tatu huacha sehemu moja ya elfu. Sakafu ya zege ya ghorofa, yenye nondo zilizosukwa ndani yake, ni kizuizi kikali zaidi, na ndiyo maana ruta ya chini mara nyingi haifiki juu hata kama vyumba vinatazamana wima. Kioo kikubwa cha kabati la nguo, kwa sababu ya utando wake wa metali, na friji vilevile, hurudisha mawimbi yalikotoka.

Kizuizi ambacho wengi hawakishuku ni wavu wa mbu. Ule uliofumwa kwa nyuzi za plastiki hauna madhara yoyote, lakini ule wa nyaya za metali una matundu madogo mno kuliko urefu wa mawimbi, kwa hiyo huyazuia kwa kanuni ileile inayoyazuia mawimbi yasitoke kupitia mlango wa jiko la maikrowevu. Athari yake huonekana hasa kwa wanaotumia ruta ya laini, yaani ile inayopokea intaneti kutoka mnara wa simu badala ya waya wa faiba, kwa sababu wimbi la mnara nalo lazima lipite dirishani. Ruta ya namna hiyo ina mgogoro usiokuwepo kwa ruta ya faiba: ili iupate mnara vizuri inataka kukaa dirishani, upande unaoelekea mnara, ilhali ili iigawe intaneti kwa nyumba nzima inataka kukaa katikati. Katika mgogoro huo, ni busara kuupa mnara haki yake kwanza, kwa kuwa kinachopotea kati ya mnara na ruta hakiwezi kurejeshwa na kifaa chochote cha ndani, ilhali upungufu wa ndani ya nyumba unaweza kuzibwa kwa waya na kituo cha pili cha redio. Kwa mwenye nyumba iliyo mbali na mnara, ruta yenye matundu ya kufungia antena ya nje ina thamani kuliko ruta yenye nambari kubwa kwenye boksi.

Ruta ya faiba haina udhuru huo, na kuiweka pembeni mwa nyumba, nyuma ya runinga au ndani ya kabati ni kuitupa nusu ya mawimbi yake kwa jirani au barabarani. Mahali pake ni katikati, juu ya usawa wa meza, pasipo metali karibu. Antena zake nazo zina mwelekeo: antena ya kijiti hurusha mawimbi kuzunguka ubavu wake, kama ringi ya tairi iliyovikwa kwenye mti, na karibu haitoi chochote kwenye ncha yake, hivyo antena iliyosimama wima huhudumia vyumba vya sakafu moja, na mwenye ghorofa hunufaika akiilaza mojawapo.

Kuhusu nambari za kwenye boksi, mnunuzi anapaswa kuzisoma kwa shaka. Ruta inayoandikwa AX3000, kwa mfano, imeupata ukubwa huo kwa kujumlisha megabiti 574 za mkanda wa 2.4 na megabiti 2,402 za mkanda wa 5, kisha jumla ikakuzwa hadi nambari nzima, ingawa kwa kawaida simu hutumia mkanda mmoja kwa wakati mmoja na vipimo hivyo havifikiwi nje ya maabara. Ikumbukwe pia kwamba megabiti si megabaiti, kwani baiti moja ni biti 8, hivyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Ajabu zaidi ni zile ruta za bei nafuu zinazojinadi kwa redio ya megabiti 1,200 huku matundu yao ya waya yakiwa ya megabiti 100, kwa hiyo intaneti inayopita ndani yao haiwezi kuzidi 100 hata mteja akilipia zaidi. Anayeuza huwa halitaji tundu hilo. Anayenunua ndiye anayepaswa kuliuliza.

Kizazi cha Wi-Fi kina uzito kuliko jumla hiyo. Katika Wi-Fi vifaa vyote vilivyo kwenye mkondo mmoja, yaani chaneli moja, husubiriana zamu, na simu ya zamani inayosema polepole hushika zamu yake kwa muda mrefu, ikivichelewesha vingine vyote. Wi-Fi 6, ambayo vifaa vyake vilianza kuthibitishwa mwaka 2019, iliruhusu zamu moja igawanywe kwa vifaa kadhaa, na ndiyo inayofaa zaidi kwa familia kubwa yenye simu nyingi. Wi-Fi 7, iliyofuata mwaka 2024, bado ni gharama isiyo na kazi katika nyumba ambazo simu zake haziifahamu. Katika majengo ya vyumba vingi, kama yale ya Kariakoo au Eastleigh, zamu hiyo hugawanywa hata na majirani. Mkanda wa 2.4 una chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni 1, 6 na 11, na fundi anayechagua chaneli ya 3 akidhani amekimbia msongamano huwa amejiweka katikati ya makelele ya pande mbili, kwa kuwa vifaa vya chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, ilhali vya chaneli zinazopandana nusunusu huvurugana.

Vipo vifaa vya kurudia mawimbi, vinavyochomekwa kwenye soketi katikati ya nyumba, lakini vile vya kawaida hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kila pakiti hutumia zamu mbili na kasi huanguka karibu nusu. Dawa ya kweli ya ukuta mzito ni waya. Waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e hubeba gigabiti 1 hadi umbali wa mita 100 bila kujali matumbawe wala zege, na mwishoni mwake huweza kufungwa kituo kingine cha redio. Inasikitisha kwamba wajenzi wengi huzika mabomba ya nyaya za umeme na ya antena ya runinga kabla ya kupiga lipu, lakini hawaongezi bomba moja tupu la mtandao, ambalo bei yake wakati huo ni ndogo mno ikilinganishwa na kupasua ukuta baadaye.

Linabaki suala la umeme, ambalo vitabu vya maelekezo hulipita kimya. Mtandao wa faiba wa majumbani kwa kawaida hugawa mwanga kwa vigawanyio visivyohitaji umeme, kwa hiyo mtaa ukiwa gizani mwanga bado unaweza kufika nyumbani, maadamu kituo cha kampuni kina jenereta au betri, na kinachozimika ni vifaa vya mteja peke yake. Vifaa hivyo hula kidogo, wati 10 hadi 15 hivi kwa pamoja, na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yenye nishati ya wati-saa 84, inatosha kwa saa kadhaa. Anayenunua kifaa cha akiba ya umeme kwa ajili ya ruta asome kwanza maandishi ya adapta yake: volti lazima zilingane, na ampea za kifaa kipya zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Umeme ukirudi na taa ya LOS ikawaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga haufiki, na hapo ndipo simu ya kwenda kwa kampuni inapostahili kupigwa.

Itaendelea: nenosiri, wageni na usalama wa ruta.