NYUMBA YA ELDORET: JOTO KWANZA, MAPAMBO BAADAYE

Mji wa Eldoret, ulio katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, ulianza kwa posta ndogo iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64. Kwa sababu hiyo watu waliuita Sixty-Four kwa muda mrefu, na wenyeji wakalitamka jina hilo Sisibo. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret. Mwaka 1924 reli ikafika. Na tarehe 15 Agosti 2024 ukapandishwa cheo ukawa jiji. Mengi yamebadilika katika muda huo, lakini jambo moja halikubadilika, nalo ni baridi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai mtu hutafuta blanketi la pili.

Watu wengi wapatapo fedha kidogo za kutengeneza nyumba zao huanza na vitu vitakavyoonekana na wageni: viti vipya, mapazia, rangi ya sebuleni na taa za kuning'inia. Si vibaya kuipamba nyumba, kwa maana nyumba nzuri humpa mtu heshima na kuufurahisha moyo wake. Lakini katika mahali penye baridi iko kazi moja itanguliayo zote, na asiyeifanya aweza kuilipia kwa uhai wa watoto wake. Kazi hiyo ni kuitia nyumba joto bila ya kulaza moto chumbani.

KWA NINI NYUMBA YA MABATI HUWA BARIDI

Hapo zamani wenyeji wa nchi hii walikaa katika nyumba za mviringo, zenye kuta nene za udongo na paa la nyasi. Moto uliwaka ndani, na nafaka iliwekwa darini juu yake ili moshi uikaushe na kufukuza wadudu. Nyumba hizo zilikuwa na moshi na giza, lakini zilikuwa na joto. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Katikati ya nyasi zilizoshonwa vizuri mna hewa nyingi iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Paa la nyasi ni kama blanketi nene juu ya nyumba.

Kisha mabati yakaja. Faida zake ni nyingi: hayashiki moto kwa urahisi, hayahitaji kubadilishwa mara kwa mara, tena maji safi ya mvua yaweza kukingwa kutoka juu yake. Lakini bati ni chuma chembamba. Mchana huwaka kwa jua. Usiku hupoteza joto lake angani hata likawa baridi kuliko hewa iliyo nje. Mvuke utokao katika pumzi za watu waliolala hulipata bati hilo baridi, ukageuka maji, na alfajiri matone huanguka juu ya vitanda. Basi mtu aliyeondoa nyasi akaweka mabati, asiweke kitu kingine chini yake, amepata paa jipya lakini amepoteza blanketi lake.

JIKO LILETWALO CHUMBANI

Watu wakishikwa na baridi hulichukua jiko la makaa, wakaliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Makaa yanayowaka bila ya ulimi wa moto hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Kwa hiyo mtu hawezi kuihisi inapoingia mwilini.

Ndani ya damu mna kitu kichukuacho oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Kaboni monoksaidi hushikamana na kitu hicho kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Hivyo mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini mwili wake unakosa hewa. Kwanza kichwa humwuma, kisha huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu hulegea. Aliyelala hapati hata dalili hizo. Usingizi wake huwa mzito tu, na pengine haamki tena.

Wengine hudhani kwamba jiko lenye kauri ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, halina madhara. Jiko hilo hupunguza makaa yanayotumika, na hiyo ni faida kubwa, lakini makaa yake hutoa sumu ile ile. Tena, jiko lililofunikwa majivu likaonekana kama limezimika huendelea kuitoa. Mtu akikutwa amezidiwa, milango ifunguliwe mara moja, atolewe nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali bila ya kukawia.

Kumkataza mtu jiko peke yake hakutoshi, maana baridi ingali pale pale. Hapana budi nyumba yenyewe itengenezwe ili haja ya jiko iondoke.

DARI

Kazi ya kwanza, basi, ni kutia dari. Dari hurudisha kile kilichopotea pamoja na nyasi, yaani tabaka la hewa iliyotulia katikati ya watu na bati. Mbao za plaiwudi zafaa sana kwa kazi hii, na hutengenezwa Eldoret kwenyewe katika kiwanda cha Raiply. Wengine hutumia mbao nyembamba zilizorandwa, au mbao za jipsamu ambazo hupakwa rangi nyeupe.

Dari ikiwa mita 2.4 kutoka sakafuni yatosha kwa nyumba ya kawaida; ikiwa juu sana, joto la watu hupotelea huko. Viungo vya mbao vizibwe kwa mikanda ya mbao. Katika kuta za pembeni, juu ya dari, paachwe matundu madogo yenye wavu, ili unyevu utoke na mbao zisioze. Na kabla ya kufunika, fundi wa umeme mwenye leseni aziangalie nyaya, maana zikisha kufichwa hakuna atakayeziona zikiungua.

Dari ina faida nyingine. Mvua kubwa na mawe yake yaangukapo juu ya mabati, watu hawasikilizani, wala mtoto hawezi kusoma. Dari hupunguza kelele hiyo. Pia huakisi mwanga ikipakwa rangi nyeupe, na chumba kilichokuwa na giza huonekana kimeongezeka ukubwa.

Wenye nyumba za zamani zenye paa la asbesto wasilikate wala kulivunja wenyewe. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Mambo ya kuliondoa yaulizwe kwanza katika ofisi ya NEMA, ambayo ni mamlaka ya serikali isimamiayo mazingira.

NYUFA NA MATUNDU YA HEWA

Baada ya dari yafaa kuangalia milango na madirisha. Upepo mwingi wa usiku hupita chini ya mlango na pembeni mwa fremu. Kipande cha mbao kilichopigiliwa chini ya mlango, pamoja na ukanda wa mpira, ni kazi ya saa moja. Mapazia yawe mazito, yenye kitambaa cha pili nyuma yake, na yafike chini kupita kizingiti cha dirisha.

Lakini ufa si sawa na tundu la hewa. Yale matundu yaliyojengwa juu ya dirisha yamewekwa kwa makusudi, ili hewa chafu itoke na mpya iingie. Yasizibwe kwa matambara wala magazeti. Nyumba njema huzuia upepo usimpige aliyelala, lakini haimfungii mtu hewa yake.

JIKONI

Moshi wa kuni ni adui wa polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa magonjwa yaletwayo na moshi wa majumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Wakaao karibu zaidi na moshi ni akina mama na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni.

Kwa hiyo jiko la kuni lijengwe lenye dohani, nayo dohani ipite juu ya kilele cha paa, isiguse mbao popote. Dirisha la jikoni liwe mkabala na mlango ili hewa ipite moja kwa moja. Mahali pa maji, pa kukatia na pa kupikia pawe karibu karibu, ili mpishi asitembee bure akiwa na sufuria ya moto. Meza ya kazi iwe chini kidogo ya kiwiko chake. Ikiwa chini sana, mgongo huuma kabla ya chakula kuiva. Rafu za mbao ukutani huweka unga na vyombo mbali na panya, na jikoni pakaonekana nadhifu bila ya gharama nyingi.

MWANGA NA RANGI

Picha za nyumba za nchi za joto, zenye vigae vitupu na madirisha makubwa yasiyofungwa, hupendeza machoni. Lakini nyumba zile zilijengwa kushindana na joto. Vigae vitupu huiba joto la miguu, na Eldoret si mahali pa kukanyaga sakafu hiyo alfajiri. Sakafu ya saruji iliyolainishwa, iliyotandikwa mkeka au zulia dogo mahali pa kukaa, yafaa zaidi.

Asubuhi nyingi za Eldoret zina jua, na mvua nyingi hunyesha alasiri. Basi anayefungua dirisha jipya alielekeze mashariki, jua la asubuhi likaushe chumba. Kuta zipakwe rangi nyepesi yenye joto ndani yake, kama rangi ya maziwa au manjano iliyofifia. Sehemu ya chini, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, ipakwe rangi nzito zaidi inayosugulika, maana ndipo mikono ya watoto na migongo ya viti hufika. Ukuta wenye unyevu usipakwe rangi ya mafuta, itabambuka. Chokaa ni bora, kwa kuwa huuacha ukuta upumue. Lakini kwanza mifereji ya paa itengenezwe, maji yasirukie msingi, kwani hakuna rangi ishindayo maji.

VYOMBO NA MAPAMBO

Hapa ndipo zamu ya mapambo. Nyumba nyingi hujazwa viti vikubwa hata mgeni akapita kwa ubavu. Benchi refu lenye sanduku chini ya kikalio chake huketisha watu wengi, tena huhifadhi blanketi. Huko Lamu, katika nyumba za mawe, mafundi wa zamani walifanya zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, vikawa kabati na pambo kwa wakati mmoja. Wazo hilo lafaa hata Eldoret: rafu chache ukutani zaweza kubeba vitabu, picha za jamaa, na vibuyu vya mursik vilivyopambwa kwa shanga. Vitambaa vilivyofumwa nyumbani hupendeza vikiwa vichache na safi.

WENYE CHUMBA KIMOJA

Watu wengi wa Langas, Huruma na mitaa mingine ya mji hupanga chumba kimoja, wala hawawezi kuvunja ukuta wa mwenyewe. Hata hivyo yako ya kufanya. Wamwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutia dari, pengine kwa kupunguziwa kodi. Kitanda kiondolewe kwenye ukuta wa nje, na kabati lisimamishwe hapo liwe kinga. Pazia zito ligawe mahali pa kulala. Mahali padogo hupata joto upesi. Kitanda kiinuliwe kidogo, masanduku yakae mvunguni. Jiko liwashwe nje, na wakati wa mvua lipikiwe mlangoni, mlango ukiwa wazi. Kabla ya kulala lirudishwe nje. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, hupasha joto kwa saa nyingi wala haina sumu.

Aliye na nyumba yake na anataka kuongeza chumba au kubomoa ukuta apate kwanza kibali cha serikali ya kaunti ya Uasin Gishu, kama sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi inavyotaka. Fundi asiyeuliza ukuta upi umebeba paa asikabidhiwe nyundo.

Kazi hizi zote hazifanywi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka huu dari, mwaka ujao dohani, kisha mifereji, kisha rangi, na viti vya mwisho. Mgeni aingiapo huenda asiione dari, wala asiulize juu ya dohani. Lakini jua likichomoza ataona watoto wa nyumba ile wanaamka wote, macho yao hayana wekundu wa moshi na vifua vyao havikohoi. Huo ndio uzuri wa kwanza wa nyumba, na mapambo mengine yote hufuata.