Mbio za Hisani: Ada Yako Inanunua Nini, na Inachangia Nini?

Mbio za hisani zimekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu. Hutangazwa mbio za kuchangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo, wanawake wenye fistula, ujenzi wa madarasa au ununuzi wa taulo za kike kwa wanafunzi. Sambamba na marathoni ya kilomita 42.2 na nusu marathoni ya kilomita 21.1, waandaaji wengi huweka mbio za kilomita 5 za kujifurahisha. Humo hukimbia kijana, hutembea bibi na mjukuu wake, na wote huvishwa medali ileile.

Tunawahimiza walaji kushiriki. Hata hivyo, lipo jambo ambalo husahaulika kirahisi: anayelipa ada ya usajili huwa na nafasi mbili kwa wakati mmoja. Ni mnunuzi, kwa sababu amelipia fulana, namba ya kifuani, medali, maji na usalama wa njia. Ni mchangiaji pia, kwa sababu ameambiwa kwamba fedha yake itamsaidia mhitaji. Kila nafasi ina haki zake, na mlaji asikubali moja itumike kuificha nyingine.

Kuigawa ada

Tuchukue mfano wa kubuni. Ada ya mbio ni shilingi 35,000. Fulana inagharimu shilingi 12,000, medali shilingi 5,000, namba ya kifuani shilingi 3,000, na maji, gari la wagonjwa na ulinzi shilingi 7,000. Jumla ni shilingi 27,000. Kinachobaki kwa mgonjwa ni shilingi 8,000.

Hakuna udanganyifu katika hesabu hiyo, maana mbio zina gharama za kweli. Udanganyifu huanza pale tangazo linaposema kwamba ada yote inakwenda hospitali, ilhali sivyo. Zipo pia mbio ambazo wadhamini hubeba gharama zote, na hapo shilingi 35,000 kamili zinaweza kumfikia mlengwa. Kwa hiyo usiulize tu, “Mbio hizi ni za kuchangia nini?” Uliza pia, “Katika ada yangu, ni kiasi gani kinachangia?” Mwandaaji makini atakuwa na jibu.

Njia tatu za kuchangisha

Njia ya kwanza ni hiyo ya ada inayojumuisha mchango. Jijini Nairobi, kwa mfano, mbio za Mater Heart Run huchangia matibabu ya moyo kwa watoto wa familia zisizo na uwezo, na mshiriki hununua fulana ya mbio hizo.

Njia ya pili ni ya ahadi. Mkimbiaji hupata nafasi kupitia taasisi ya hisani, naye huahidi kuikusanyia kiasi fulani kutoka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Njia hii imeenea sana katika London Marathon. Anayeichagua asome masharti mapema: je, kiasi kisipotimia, atatakiwa kufidia pengo kutoka mfukoni mwake?

Njia ya tatu haina ada kabisa. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu mmoja kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa siku 143 kuvuka sehemu kubwa ya nchi yake ili kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo, hadi saratani ilipomrudia. Alifariki mwaka 1981, na tangu mwaka huo hufanyika mbio za kumkumbuka ambazo hazina ada ya kuingia: kila mtu huchangia anachoweza.

Kabla ya kulipa

Kwanza, mjue mwandaaji. Shughuli za riadha nchini ziko chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na Shirikisho la Riadha Tanzania. Uliza kama mbio zina kibali. Ikiwa mwandaaji ni asasi ya kiraia, uliza namba yake ya usajili, kwa kuwa mashirika yasiyo ya kiserikali yana Msajili wake.

Pili, mwulize mlengwa. Tangazo likitaja hospitali, kituo cha yatima au shule, piga simu huko moja kwa moja na uulize kama wana taarifa ya mbio hizo. Simu ya dakika mbili inaweza kuokoa fedha za mtaa mzima.

Tatu, angalia jina. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujaingiza namba ya siri. Likiwa ni la mtu binafsi badala ya mwandaaji aliyetangazwa, simama na uulize. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako.

Nne, soma masharti ya kurejeshewa fedha. Mbio zikiahirishwa, je, usajili wako utatambuliwa tarehe mpya? Zikifutwa, je, utarudishiwa ada?

Siku ya mbio

Kilomita 5 ni fupi, lakini mwili usiozoea huziona ndefu. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, na mama mjamzito, wapate kwanza ushauri wa daktari. Katika miji ya pwani joto hupanda mapema, hivyo fika alfajiri, kunywa maji, na ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, simama mara moja na uite mhudumu.

Usimpe mtu mwingine namba yako ya kifuani. Namba hiyo imefungamana na jina lako na simu ya ndugu yako wa karibu. Akianguka mtu aliyeivaa, wahudumu watampigia ndugu yako badala ya wake, na huenda wakategemea taarifa za afya zisizo zake.

Washiriki wengi hutia saini tamko la kukubali kwamba wanakimbia kwa hiari na wanajua hatari zake. Lisome kwanza. Kukubali hatari za kawaida za mbio si kumruhusu mwandaaji akose maji, huduma ya kwanza au ulinzi wa barabara alivyoahidi.

Baada ya mbio

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mchango wa hisani ni mali ya mgonjwa au mwanafunzi aliyetajwa, nasi tuliochanga tuna haki ya kujua daftari lake linasema nini. Tazama kama mwandaaji ametangaza kiasi kilichopatikana, gharama zilizotumika na kiasi kilichokabidhiwa. Picha ya hundi kubwa ya maonyesho haitoshi. Kinachotakiwa ni taarifa ya mapato na matumizi, na uthibitisho wa aliyepokea.

Usipopewa ulicholipia, mwandikie mwandaaji kwanza, ukiambatisha ushahidi wa malipo, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mbio zikiwa za uongo tangu mwanzo, toa taarifa polisi.

Wengine huona haya kuuliza, wakihofu kuonekana wachoyo mbele ya jambo jema. Tunawaomba waiondoe haya hiyo. Mbio moja za udanganyifu huchukua zaidi ya shilingi 35,000 za mtu mmoja: humfanya mwaka ujao akatae kuchangia hata mbio za kweli, na anayelipia kukataa huko ni mtoto anayesubiri upasuaji. Mlaji anayeuliza anamlinda pia mtoto huyo.