GHALA LISILO NA FOLENI
Mashine ikigawa vifaa, nani ameandika kanuni ya mgawo?

Mji wa Geneva, Uswisi, si mgeni kwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Ndipo yalipo makao ya Shirika la Kazi la Kimataifa, lililoundwa mwaka 1919. Kando ya mji huo, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, pana mahali pengine pa kazi: CERN, taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1954 na nchi za Ulaya. Huko wataalamu huchunguza chembe ndogo kabisa za vitu kwa mtambo wa mviringo wa kilomita 27 uliochimbiwa chini ya ardhi. Mafundi, makarani, wahandisi na wanasayansi wa hapo wote wanategemea kompyuta. Leo tunaeleza jinsi kompyuta hizo zinavyogawiwa, maana habari hii inamhusu pia mtu wa kiwanda na wa shamba.

Foleni ya zamani

Kila mfanyakazi anaijua kazi ya ghala. Fundi akihitaji kifaa hujaza hati, mkuu wake hutia sahihi, mtunza ghala hutafuta, na kazi husimama mpaka kifaa kipatikane. Kompyuta kubwa ziitwazo seva zilitolewa vivyo hivyo. Mwandishi wa programu aliyehitaji seva alipeleka maombi akangoja wiki nyingi, pengine miezi, mpaka seva inunuliwe, ifungwe na kuunganishwa nyaya. Na aliyeipata hakutaka kuirudisha, hata kama haina kazi, kwa kuogopa kunyimwa kesho.

Kufikia mwaka 2012 wakuu wa idara ya kompyuta ya CERN walikuwa na hesabu ngumu. Kazi ilikuwa inaongezeka, na chumba cha pili cha seva kilikuwa kinaandaliwa Budapest, Hungaria. Lakini idadi ya wafanyakazi wa idara isingeongezwa. Seva zizidi, watu wabaki walewale: hesabu hiyo wanachama wetu wanaifahamu.

Wingu ni nini?

Jawabu lao liliitwa wingu la binafsi. Hili si wingu la mvua. Seva nyingi huunganishwa, kisha programu moja huzisimamia kana kwamba ni seva moja kubwa sana, ikiikata vipande kwa kadiri ya haja ya kila mtu. Kila kipande hufanya kazi kama kompyuta kamili, na huitwa mashine pepe. Wingu huitwa la binafsi kwa sababu seva ni mali ya taasisi yenyewe, haikodishi kwa tajiri wa nje.

CERN ilichagua programu ya OpenStack, iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA ya Marekani pamoja na kampuni ya Rackspace. Maandishi yake yako wazi, kila mtu aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Wingu lilianza kazi rasmi Julai 2013. Tangu hapo mhitaji hujihudumia mwenyewe: huchagua ukubwa wa mashine, hubonyeza, na baada ya dakika chache anayo. Kufikia mwaka 2018 wingu hilo lilikuwa na viini zaidi ya 300,000, yaani sehemu zinazofanya hesabu ndani ya kompyuta.

Mafundi wa huko wana msemo kwamba seva ya zamani ilitunzwa kama paka wa nyumbani, ina jina na ikiugua huuguzwa, bali ya sasa ni kama ng'ombe wa kundi, ikiugua huondolewa ikaletwa nyingine. Wafugaji wa kwetu, ambao kila ng'ombe wao ana jina, watacheka. Lakini maana inaeleweka.

Ufunguo umehamia wapi?

Ndugu wafanyakazi, msidhani kwamba foleni ikiondoka na amri imeondoka. Katika wingu la CERN kila mtu ana mgawo wake mdogo. Akitaka zaidi lazima aombe, na maombi yakubaliwe. Mashine za matumizi ya mtu binafsi zina tarehe ya kwisha, mwenyewe asipoomba ziendelee. Kanuni hizo ni za haki, kwani bila mgawo wa kwanza angemaliza vyote. Ila zamani uliweza kubishana na mtunza ghala uso kwa uso. Sasa kanuni imo ndani ya programu, na programu haibishani. Aliyeiandika ndiye mwenye ufunguo.

Tena kuna swali la mali. Mwaka 2019 CERN ilieleza kwamba kampuni ya Microsoft imeiondolea bei ya taasisi za elimu, na kwamba gharama za leseni zingepanda zaidi ya mara 10. Taasisi ilikwisha kuanza mwaka uliotangulia kutafuta programu nyingine badala yake. Mpangaji hupandishiwa kodi. Mwenye nyumba hapandishiwi, ingawa paa ni juu yake kulitengeneza.

Maswali ya kuuliza

Mashine za kujihudumia zinafika pia viwandani na mashambani: za kuomba likizo, za kutoa vifaa, za kupima majani ya chai. Zikiletwa kwenu, kamati ya tawi iulize mapema. Nani anapanga mgawo, na mfanyakazi aliyenyimwa alalamike kwa nani? Mashine inaweka kumbukumbu gani juu yake, na nani anazisoma? Karani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo atafundishwa kazi ipi nyingine? Kifaa ni chetu au cha kukodi?

Hatupingi kuondolewa foleni, maana aliyechoka kwa kungoja ni mfanyakazi. Tunachodai ni kuwapo mezani siku kanuni inapoandikwa.