Mbwa ndani ya gari la familia: hewa kwanza, ukubwa baadaye

Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, katikati ya msitu wa mvua, kando ya mto Kongo. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 takriban mwaka mzima, na hewa imejaa unyevu. Familia inayotafuta gari la kuibeba pamoja na mbwa wake, iwe ni kwenda shambani upande wa Yangambi au kuwasalimu wazee Bafwasende, inanunua gari la kukabiliana na hali hiyo ya hewa na barabara za msituni.

Muuzaji atakueleza habari za injini, mafuta na shokapu. Yote hayo yana maana yake. Lakini gari likibeba watoto na mbwa, kuna maswali matatu yanayotangulia: hewa inapitaje, mbwa anakaa wapi, na milango inafungukia upande gani. Majibu yake yanategemea jinsi mwili wa mbwa ulivyoumbwa na jinsi gari linavyokwenda na kusimama.

Mbwa hapoi kama binadamu

Binadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho linapokauka huondoka na joto. Mbwa ana tezi chache tu za jasho, nazo ziko kwenye nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema. Hufungua kinywa, akautoa ulimi na kuvuta pumzi fupifupi, hata mara 300 kwa dakika, ili unyevu wa kinywani na puani ukauke na kuchukua joto.

Njia hiyo inahitaji hewa kavu. Penye unyevu mwingi maji hayakauki upesi, kwa hiyo mbwa anahema sana na kupoa kidogo. Ndiyo maana nyuzi 30 za Kisangani zinamchosha mbwa kuliko nyuzi 30 za mahali pakavu. Mbwa wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huumia zaidi kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa.

Gari lililoegeshwa juani huongeza hatari. Mwanga wa jua hupita kwenye vioo, ukapasha moto dashibodi na viti, na joto linalotoka humo hubaki limenaswa ndani. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vyao katika jarida la Pediatrics. Ndani ya saa moja joto la gari lililoegeshwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Kama nje ni nyuzi 30, baada ya saa moja ndani ya gari ni zaidi ya nyuzi 50.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, ubongo, figo na utumbo huanza kuharibika. Mtu anayesubiri kivuko cha kwenda Lubunga, au aliyekwama kwenye foleni ya kuvuka Aruwimi kule Banalia, asimwache mbwa ndani huku yeye akienda kununua chakula. Ateremke naye, amfunge kamba, wakae kivulini. Mtoto vilevile haachwi ndani, hata kwa dakika chache.

Dalili za mbwa aliyezidiwa na joto ni kuhema bila kupumzika, ute mzito mdomoni, ufizi mwekundu sana, kuyumba na kutapika. Mhamishe kivulini mara moja, ummwagie maji ya baridi mwili mzima na kumpepea, kisha mpe maji anywe kidogo kidogo. Usimfunike kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu kinazuia joto kutoka. Ukishampoza, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Familia zinazofuga mbwa wa asili wa misitu ya Kongo, aina ambayo dunia inaiita basenji, ziongeze uangalifu. Wambuti wa Ituri wamewinda na mbwa hawa kwa vizazi vingi. Ni wadogo, kilo 10 au 11 hivi, wenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama, na hawabweki kama mbwa wengine. Mbwa wa namna hiyo akizidiwa nyuma ya gari huenda dereva asisikie kitu. Lazima aonekane kwa macho, hivyo gari linalomficha mbwa halimfai.

Breki ya ghafla

Mbwa wa kilo 20 amekaa huru kwenye kiti cha nyuma. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama papo hapo. Mbwa anaendelea mbele kwa kasi ileile. Nishati anayokuwa nayo ni sawa na ya mtu kuanguka kutoka mita 10, yaani kama dirisha la ghorofa ya tatu. Akizuiwa na mgongo wa kiti ndani ya nusu mita, kiti hicho kinapokea msukumo wa karibu kilo 400. Mbele yake akiwepo mtoto, msukumo huo unampata mtoto.

Katika komini ya Makiso, mjini Kisangani, breki ya ghafla ni jambo la kila siku, kwa pikipiki inayochomoka au toleka, yaani teksi ya baiskeli, inayokata njia. Kwenye barabara ya taifa namba 4 mwendo ni wa polepole, lakini mashimo na matope hulirusha gari huku na huku. Kwa hali zote mbili mbwa anahitaji mahali pake maalumu na kitu cha kumzuia. Wavu wa chuma uliofungwa kwa bolti kwenye bodi, kati ya viti vya nyuma na sehemu ya mizigo, unatosha, na fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Tundu lililofungwa imara sakafuni linafaa pia. Akikaa kwenye kiti, avalishwe mkanda wa kifuani ulioungwa na mkanda wa gari. Kamba ya shingoni isitumike, kwa sababu breki ikikazwa inaweza kumnyonga au kumvunja shingo.

Gari lipi sasa?

Saluni ina buti lililofungwa kwa bati, lisilo na hewa wala mwanga. Mbwa hawekwi humo hata kwa safari ya dakika tano. Mwenye saluni amweke mbwa kwenye kiti na amfunge mkanda.

Pikapu ya wazi inampeleka mbwa kwenye jua, bati la moto, vumbi na hatari ya kurushwa nje. Pikapu ya kabini mbili inafaa ikiwa mbwa atakaa ndani ya kabini.

Stesheni wagoni, kama Toyota Probox au Succeed, inawafaa wengi wanaozunguka mjini. Sehemu yake ya nyuma ni tambarare, inapata hewa ileile ya abiria, na sakafu yake iko chini, kwa hiyo mbwa mzee hapandi kwa shida na viungo vyake havigongwi anaporuka. Udhaifu wake ni tumbo lililo karibu na ardhi. Mvua za msituni zikichimba barabara, litakwama.

Kwa safari za mbali, RAV4, Prado au Land Cruiser ina uwazi wa kutosha chini na nafasi ya kutosha nyuma. Pima urefu wa nafasi hiyo ukiwa na mbwa wako. Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amejinyoosha. German Shepherd wa ulinzi hufika karibu sentimita 65 mabegani, na kilo 35 au zaidi.

Sasa tuje kwenye milango. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mitumba yanayoingia kupitia mashariki yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako wanaendesha kushoto. Noah za mwanzo na Hiace nyingi zina mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto. Huko kwao mlango huo unafungukia kando ya barabara. Hapa kwetu unafungukia katikati ya barabara, na mbwa anayeruka nje anakutana na pikipiki. Mlango wa nyuma wa RAV4 za zamani nao una bawaba upande wa kulia. Ukiufungua, unaziba upande wa njia ya miguu na kukusukuma kwenye magari yanayopita. Ukinunua gari la namna hiyo, jizoeze kuegesha ndani ya ua au mbali na barabara kabla ya kumteremsha mbwa, naye afungwe kamba kabla mlango haujafunguliwa.

Kiyoyozi kina jaribio lake. Katika magari mengi hewa baridi hutokea kwenye dashibodi pekee, na sehemu ya nyuma hubaki na joto lake. Siku ya kulijaribu gari nenda saa sita mchana, washa kiyoyozi, kisha ukae wewe mwenyewe nyuma kabisa kwa robo saa. Kama huwezi kuvumilia, mbwa hataweza.

Moshi na mbung'o

Wapo wanaosafiri na mlango wa nyuma ukiwa wazi ili mbwa apate hewa. Hilo ni kosa kubwa. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani pamoja na moshi wa eksozi. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikainyima damu nafasi ya kubeba pumzi. Mbwa aliye nyuma na watoto waliolala ndio wanaopata madhara kwanza. Funga mlango wa nyuma na ushushe vioo vya mbele. Kabla ya kununua, mwambie fundi akague eksozi nzima na raba za mlango wa nyuma.

Msituni kuna mbung'o, na huvutwa na gari linalotembea pamoja na rangi ya bluu na nyeusi. Mbung'o hueneza malale, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huo duniani. Mbwa naye hushikwa na vimelea vya jamii moja na vile vya malale. Hupata homa, hukonda, na macho yake huingia ukungu. Chagua rangi nyeupe au ya kijivu, ambayo pia hupunguza joto. Ukipita maeneo yenye mbung'o, funga vioo na kagua ndani kabla ya kuondoka.

Chanjo kabla ya ufunguo

Ndani ya gari mate ya mbwa yako karibu na nyuso za watoto, na mbwa mwenye hofu anaweza kumuuma hata anayemfuga. Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu visa vyote hutokana na mbwa. Watu wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikianza kuonekana, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Cheti chake kisafiri ndani ya gari pamoja na karatasi nyingine. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Siku ya safari, usimlishe mbwa saa chache kabla ya kuondoka, maana mtikisiko wa barabara huvuruga sikio la ndani na kumtapisha. Beba maji. Mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Simama kila baada ya saa mbili ili anywe na kunyoosha miguu.

Kwa familia ya Kisangani yenye mbwa, gari bora ni lile lenye hewa inayofika hadi nyuma, wavu imara, eksozi nzima na milango unayoijua hatari yake. Stesheni ya bei ndogo yenye sifa hizo ni salama kuliko gari kubwa lisilo nazo. Kabla ya kulipa hata faranga moja, mpeleke mbwa wako akachanjwe.