Je, Wajua? Taunton Bado Wanangoja Ubingwa

Je, wajua kwamba kuna mechi ambayo shabiki huitazama siku nne, asubuhi hadi jioni, kisha timu zikapeana mikono bila mshindi, naye akarudi kwake ameridhika? Hiyo ni kriketi ya kaunti ya Uingereza. Timu zake ni 18: 17 za England na moja ya Wales, Glamorgan. Ligi yao iliwekwa rasmi mwaka 1890, Surrey wakawa mabingwa wa kwanza. Msimu huanza Aprili, baridi ikiwa bado inakata mifupa, ukaisha mwishoni mwa Septemba, na kila timu hucheza mechi 14.

Ili kuonja utamu wake, elewa kwanza namna ushindi unavyopatikana. Kila timu hupiga mara mbili. Kuwazidi wapinzani kwa mikimbio hakutoshi. Kwa kawaida lazima uwatoe wapigaji wao kumi, kisha uwatoe tena kumi, yaani wiketi 20. Muda ukiisha kabla ya wiketi hizo kuanguka, mechi ni sare, hata kama upande mmoja uko nyuma kwa mikimbio 300. Ndiyo maana mpigaji wa mwisho, ambaye kazi yake hasa ni kurusha, anaweza kusimama saa nzima bila kupata hata mkimbio mmoja, akizuia tu, na kila mpira anaouzuia ukapigiwa makofi. Mwenye mazoea ya soka ataona hakuna kinachotokea. Mwenye kujua roho yake iko juu.

Ova moja ina mipira sita, na siku moja hupangiwa ova 96. Hiyo ni mipira 576, na wapo mashabiki wanaoiandika yote. Hununua kadi ya matokeo langoni, au huja na daftari lao wenyewe la kuwekea hesabu, na penseli iliyochongwa vizuri. Mpira usio na mkimbio huwekewa nukta. Ova nzima ikipita bila mkimbio, nukta zake sita huunganishwa kwa mistari zikawa herufi M. Ikiwa katika ova hiyo hiyo wiketi imeanguka, alama huunganishwa kwa namna nyingine ikatokea W. Baada ya siku nne shabiki ana mechi nzima mkononi kwa mwandiko wake, na anaweza kukuonyesha mpira uliogeuza mambo.

Wakati wa chakula cha mchana, dakika 40, katika viwanja vingi watazamaji huruhusiwa kuingia uwanjani kwenyewe. Watoto hucheza kriketi yao pembeni. Wazee hutembea polepole mpaka karibu na kamba iliyozunguka sehemu ya katikati, wakaitazama ardhi pale mpira unapodunda: imeanza kupasuka? Jioni mpira utaanza kupinda? Sijui mchezo mwingine wa kulipwa unaomruhusu mwenye tiketi akague uwanja kwa macho yake, kisha arudi kitini kungoja aone kama alikisia sawa. Hove, kwa Sussex, huwekwa viti vya kukunja vya turubai kama vya ufukweni. Worcester, kanisa kuu husimama ng'ambo ya mto Severn, na mto huo huo hufurika baadhi ya miaka ukaumeza uwanja wote. Maji yakipungua, watu hurudi, na keki zinazouzwa katika banda la akina mama zinaendelea kusifiwa nchi nzima.

Je, wajua kwamba Somerset hawajawahi kuwa mabingwa? Wamo kwenye ligi tangu 1891. Gloucestershire na Northamptonshire nao hawajautwaa ubingwa tangu ligi ilipokuwa rasmi, lakini maumivu ya Somerset ni ya aina yake, kwa sababu wameufikia mlango mara nyingi mno. Walikuwa wa pili mwaka 2001, 2010, 2012, 2016, 2018 na 2019. Msimu wa 2025 ulipoisha, ubingwa ulikwenda Nottinghamshire.

Uwanja wao uko Taunton, mji mdogo wa kusini magharibi, kando ya mto Tone. Pigo refu la mikimbio sita huweza kutua majini. Watu wa hapo waliwahi kuona makubwa: Viv Richards wa Antigua alipiga mikimbio 322 kwa siku moja mwaka 1985, na mwaka 1979 yeye, Joel Garner na Ian Botham waliwapa Somerset vikombe viwili vya mechi fupi. Ila ubingwa wa kaunti, ule wa mechi ndefu, uliendelea kuwapita.

Mwaka 2010 walimaliza na alama 214. Nottinghamshire nao 214. Tofauti ilikuwa ushindi mmoja: Nottinghamshire walikuwa wameshinda mechi saba, Somerset sita. Na alama za nyongeza zilizowaokoa Nottinghamshire zilipatikana alasiri ya mwisho huko Manchester, Somerset wakiwa Durham, mbali sana na hapo, hawana la kufanya.

Mwaka 2016 ndio unaostahili kusimuliwa taratibu. Somerset waliwashinda Nottinghamshire siku moja kabla ya msimu kufungwa, wakaongoza ligi. Kesho yake, tarehe 23 Septemba, Middlesex na Yorkshire walikuwa wanamalizia mechi yao Lord's, London. Yeyote kati yao akishinda ndiye bingwa. Wakitoka sare, bingwa ni Somerset. Kwa hiyo Middlesex na Yorkshire wote wawili hawakuwa na faida na sare, na manahodha wakaafikiana: Yorkshire wakarusha mipira myepesi ili Middlesex wapate mikimbio haraka, kisha Middlesex wakakatisha zamu yao na kuwaachia Yorkshire mikimbio 240 ya kufukuzia kwa ova 40. Mapatano hayo yanaruhusiwa, na mimi nayaona ni ya haki, kwa kuwa kila upande ulijiweka hatarini. Wachezaji wa Somerset walikuwa Taunton wanatazama runinga. Yorkshire walijaribu, kisha wiketi zikaanza kuanguka. Toby Roland-Jones wa Middlesex akawatoa wapigaji watatu kwa mipira yake mitatu mfululizo, na wa tatu ndiye alikuwa wa mwisho. Middlesex bingwa.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2019, mambo yalikuwa mikononi mwao wenyewe: Essex wanakuja Taunton, Somerset wanahitaji ushindi. Mvua ikanyesha. Siku zikaliwa na maji mpaka Somerset wakaamua kuiacha kabisa zamu yao ya pili ya kupiga ili wapate muda wa kuwatoa Essex. Haukutosha. Sare, na Essex bingwa. Marcus Trescothick, aliyeichezea Somerset misimu 27, alikuwa anastaafu na hakuwemo kikosini. Dakika za mwisho aliingizwa kama mdakaji wa akiba, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Nikifikiria jioni ile, naona hao waliosimama ndio hasa kriketi ya kaunti: ubingwa umewaponyoka mbele ya macho yao, na bado wana makofi ya kumpa mtu wao.

Je, wajua kwamba Canterbury mti ulikuwa ndani ya uwanja? Mti wa aina ya linden (Tilia), mkubwa, wenye umri mkubwa kuliko uwanja wenyewe uliofunguliwa 1847. Sheria ya hapo ilisema mpira ukigonga mti ni mikimbio minne. Dhoruba iliuangusha Januari 2005, na mwaka huo huo Kent wakapanda mwingine.

Na theluji je? Tarehe 2 Juni 1975, mwanzoni mwa msimu wa joto, mechi ya Derbyshire na Lancashire mjini Buxton haikuchezwa kwa sababu ardhi ilikuwa nyeupe kwa theluji. Jumamosi iliyotangulia Clive Lloyd alikuwa amepiga 167 bila kutolewa, Lancashire wakafika 477. Theluji ilipoyeyuka ardhi ikawa haitabiriki, na Derbyshire walitolewa kwa mikimbio 42, kisha 87. Siku tano tu baada ya theluji hiyo, huko Birmingham, timu ya Afrika Mashariki iliingia uwanjani kucheza na New Zealand katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah wa Kenya. Walipoteza mechi zao zote tatu. Miongoni mwao walikuwemo John Nagenda wa Uganda, ambaye pia alikuwa mwandishi, na Don Pringle wa Kenya.

Mtoto wa Pringle huyo, Derek, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958, alikuja kuwa mtu wa Essex. Alianza nao 1978, na mwaka uliofuata Essex wakapata ubingwa wao wa kwanza kabisa. Wala si yeye peke yake. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea Nottinghamshire kuanzia 1966 hadi 1985, pamoja na miaka ambayo nahodha wake alikuwa Garfield Sobers. Dipak Patel, naye wa Nairobi, alikuwa Worcestershire kwa miaka kumi kabla ya kuhamia New Zealand, ambako alishangaza Kombe la Dunia la 1992 kwa kufungua urushaji akiwa mrushaji wa mipira ya polepole. Kisha Collins Obuya: Februari 2003 aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka jijini Nairobi, Kenya ikashinda na hatimaye kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na mwaka huo huo Warwickshire wakamsajili. Mashabiki wa kriketi wa Nairobi wana sababu yao wenyewe ya kufungua kurasa za matokeo ya kaunti.

Je, wajua kwa nini shabiki mzoefu haondoki mapema? Muulize juu ya Hampshire, Juni 1922. Walicheza na Warwickshire mjini Birmingham, na katika zamu yao ya kwanza walitolewa wote kwa mikimbio 15. Wapigaji wanane hawakupata kitu. Walikuwa nyuma kwa mikimbio 208, wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Safari hii walipata 521. George Brown alipiga 172, na Walter Livsey, aliyeingia wa kumi, 110 bila kutolewa. Warwickshire wakatolewa kwa 158, na Hampshire wakashinda kwa mikimbio 155. Uwanja huo huo, Juni 1994, mlinda wiketi wa Durham alidondosha mpira ambao ungemtoa Brian Lara, aliyekuwa na mikimbio 18. Lara akaendelea mpaka 501 bila kutolewa, na hakuna aliyewahi kupata zaidi katika mechi ya daraja la kwanza popote duniani.

Wapo pia waliobaki bila malipo yoyote ya namna hiyo. Tangu Mei 1935 hadi Mei 1939 Northamptonshire walicheza mechi 99 za kaunti bila kushinda hata moja. Mtoto aliyeanza kupelekwa uwanjani akiwa na miaka minane alifika kumi na miwili kabla ya kuona timu yake ikishinda. Watu waliolipa kiingilio miaka ile yote ndio ningependa kukaa nao siku moja, kuwasikiliza tu.

Mwisho, je, wajua klabu hizi ni za nani? Kati ya 18, klabu 15 ni mali ya wanachama, watu wa kawaida wanaolipa ada ya mwaka na wenye kura katika mkutano mkuu. Si kura ya mapambo. Mwaka 2022 tume iliyoongozwa na Andrew Strauss, nahodha wa zamani wa England, ilipendekeza mechi za ligi zipunguzwe kutoka 14 hadi 10 kwa kila timu ili kuacha nafasi zaidi kwa mambo mengine. Wanachama wa kaunti nyingi waliandika barua, wakahudhuria mikutano, wakawabana viongozi wao. Pendekezo halikupita. Ratiba ya 2023 ilipotoka, kila timu ilikuwa na mechi zake 14.