Mikarafuu ya Nani? Haki za Ndoa Kisiwani Pemba

Mume akifariki Wete au Micheweni akaacha mke, watoto na shamba la mikarafuu, haichukui muda baada ya hitima watu kuanza kuhesabu. Mke ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Hilo tumelisoma chuoni tukiwa wadogo, na hakuna anayelibishia. Linalosahauliwa ni kwamba thumni inatoka katika mali ya marehemu peke yake, tena baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Na miongoni mwa madeni hayo limo deni la mahari. Kama ndoa ilifungwa kwa mahari ambayo sehemu yake iliachwa "italipwa baadaye", mjane anaidai kama anavyodai mwenye duka.

Tufanye hesabu. Mume ameacha mikarafuu 80, mke mmoja na watoto. Ikiwa yote ilikuwa yake, mjane anapata mikarafuu 10, na akiwa na mke mwenzake wanagawana, kila mmoja mitano. Sasa tuseme 20 kati ya hiyo 80 ilinunuliwa na mke mwenyewe, kwa fedha ya bangili zake. Sheria ya Kiislamu haiunganishi mali za mke na mume kwa sababu tu wameoana. Kwa hiyo 20 ni yake kwanza, haimo katika urithi, kisha thumni inahesabiwa kwenye 60 iliyobaki: saba na nusu. Jumla 27 na nusu (hiyo nusu humalizwa kwa thamani, si kwa shoka). Mama yule yule, shamba lile lile, lakini bila ushahidi ataondoka na mikarafuu 10.

Na ushahidi ndio tunaoupuuza. Ukipita vijijini msimu wa karafuu, usiku utawaona akina mama na watoto wamezunguka jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi ni wao wanaoanika na kukimbilia majamvi mvua ikinyesha. Lakini gunia likifika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, huuzwa kwa jina la mume, na shamba la pili likinunuliwa kwa fedha hiyo, hati ya mauziano ina jina moja. Miaka 20 baadaye, mbele ya kadhi, mama anaulizwa: mchango wako uko wapi?

Hapa kuna tofauti ambayo wasikilizaji wa redio huikosea kila siku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara, haifiki Zanzibar. Ile dhana kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili huchukuliwa kuwa wameoana imo katika sheria hiyo, kwa hiyo Pemba usiitegemee. Na ni chini ya sheria hiyo ndipo Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali. (Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akakosa mali, maana mahakama iliona fedha aliyopewa na mumewe aliitumia vibaya.) Kwetu, Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inampa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale mchango unapothibitishwa. Ni hatua kubwa. Ila neno zito hapo ni "unapothibitishwa".

Mume naye ana lake: mke akifa akaacha mtoto, mume anarithi robo, asipoacha, nusu. Watoto wanapata nasaba ya baba na urithi wake. Na wachache wanajua kwamba mke aliyepewa talaka moja au mbili za rejea, mume akifa eda haijaisha, anarithi. Kwa hiyo tarehe ya talaka inaweza kuamua urithi, na ndiyo maana talaka nayo inasajiliwa kama ndoa.

Nikaha inatimia kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli. Cheti hakiongezi kitu katika uhalali wake mbele ya Mungu. Lakini afisa wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, anayeshughulikia mafao ya mtumishi aliyefariki hakuwapo msikitini siku ile. Wala hakuwapo karani wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana atakayegawa mirathi. Wao wanataka karatasi, na karatasi hiyo hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya 2018.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mkinunua shamba andikeni majina ya wote waliotoa fedha, na mahari iliyobaki iandikwe kiasi chake. Ukikwama, wasaidizi wa sheria wamo katika wilaya zote nne za Pemba. Na kama ndoa yenu haijasajiliwa, nendeni sasa, walii na mashahidi wangali hai wa kuithibitisha.