Walioifungulia Karate Mlango

Wajukuu, sogeeni hapa kivulini. Na wewe uliyemrukia mwenzako teke kule kwenye majaruba, njoo ukae mbele kabisa, maana habari hii inakuhusu kuliko wote. Najua mmetoka kuangalia video. Najua steringi amewaangusha watu kumi na shati lake halikuchafuka. Sinema ina raha yake, sikatai. Lakini walioifungulia karate mlango hawakuwa masteringi. Mmoja alikuwa mtoto wa mchuuzi wa kuni. Mwingine alichukuliwa na baba yake mdogo ili airithi nyumba ya wafanyabiashara wa dawa. Na jambo kubwa kuliko yote waliyoyafanya halikuwa kumpiga mtu. Waliwafundisha watoto elimu ambayo kabla yao ilikuwa ikifichwa.

Karate ina mitindo mingi: iko Shotokan, iko Shito-ryu, iko Wado-ryu. Leo nawasimulia Goju-ryu, maana njia yake ya kufika Tanzania inajulikana, na ni njia ndefu.

Chanzo chake ni Okinawa, kisiwa chembamba kilichoko baharini kati ya Japani na China. Zamani hakikuwa sehemu ya Japani. Kilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, wenye mfalme wake na lugha yake. Mwaka 1609 wapiganaji wa Satsuma kutoka Japani waliuvamia ufalme huo na kuutia mkononi. Mwaka 1879 Japani ikaufuta kabisa na mfalme akaondolewa kwenye kiti. Katika miaka hiyo yote, merikebu za Okinawa zilikuwa zikienda China na kurudi, hasa katika mji wa Fuzhou.

Ninyi wa Kahe mtanielewa upesi kuliko watoto wa kwingine. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi inapita hapa kwetu, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza reli ya Voi na Taveta ikaja kuungana nayo hapahapa. Bandari ya Naha, kule Okinawa, ilikuwa stesheni ya makutano ya namna hiyo. Mapigano ya wenyeji yalikutana na mapigano ya Kichina yaliyoletwa na mabaharia, wajumbe na wafanyabiashara, na kikazaliwa kitu kipya. Miji mingine miwili, Shuri na Tomari, nayo ilikuwa na namna zake. Kote huko mambo yalifanyika kwa siri. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache tu, wakikutana uani, mara nyingi usiku, na mtu hakupokelewa kabla ya kupimwa tabia.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akaandika habari zake, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Miaka mitano baadaye, 1853, alizaliwa Naha mtoto aliyeitwa Kanryo Higaonna. Baba yake alikuwa na jahazi dogo, akichukua kuni kutoka visiwa vya Kerama na kuziuza mjini. Kanryo alikulia katika kazi hiyo ya kupakia na kupakua. Alikuwa na hamu ya kujifunza mapigano, na alipokuwa kijana akapata nafasi ya kuvuka bahari hadi Fuzhou.

Huko alimpata mwalimu ambaye watu wa Okinawa humwita Ryu Ryu Ko. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa fundi wa kusuka vitu vya mianzi, na kwamba Kanryo hakufundishwa kitu kwa muda mrefu. Alifagia, aliteka maji, alisaidia kazi za ufundi. Halafu ndipo akaonyeshwa jambo moja, nalo ni Sanchin.

Hapa nitakaa kidogo, maana asiyeielewa Sanchin hajaielewa Goju-ryu. Ukiitazama mara ya kwanza utadhani hakuna kinachofanyika. Mtu anasimama, nyayo zimeelekea ndani kidogo, vidole vya miguu vimeshika ardhi. Anapiga hatua chache tu. Mkono unakwenda mbele polepole na kurudi polepole, na pumzi inaingia na kutoka kwa sauti inayosikika. Hakuna kuruka. Mwalimu anamzunguka, anampiga makofi mabegani, mgongoni na mapajani, apate kujua kama mwili umekaza panapotakiwa na kulegea panapotakiwa. Ndani ya hatua hizo chache mtoto anajifunza kusimama, kupumua na kutulia akili, yote matatu kwa pamoja. Wanafunzi wa Higaonna waliirudia kwa miaka kabla ya kuonyeshwa kata nyingine. Kata ni mpangilio wa hatua, kinga na mapigo ambao mtu hujifunza kwa moyo, kama mnavyojifunza shairi shuleni. Pembeni ya kata kulikuwa na mazoezi ya nguvu: mitungi ya udongo iliyojazwa mchanga, unaishika kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa mdomo wake na kutembea nayo, na jiwe lililotiwa mpini, unalizungusha mpaka kifundo cha mkono kinalia.

Higaonna aliporudi Naha alifundisha watu wachache nyumbani kwake. Kisha mambo yakaanza kubadilika. Kule Shuri, mwalimu mwingine, Anko Itosu, alikuwa akiingiza karate katika shule za Okinawa. Mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa elimu barua yenye mambo kumi, akiwaeleza kwa nini vijana wote wafundishwe. Higaonna naye, mwaka 1905, alikubali kufundisha katika shule ya biashara ya Naha. Fikirieni mzee aliyefagia ua wa mwalimu wake kabla ya kuonyeshwa hatua ya kwanza, sasa anasimama mbele ya darasa la vijana wasiomjua. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa nguvu za miguu yake, ingawa miguu hiyo ilikuwa na sifa mji mzima.

Mwanafunzi wake mkubwa ni Chojun Miyagi. Alizaliwa Naha tarehe 25 Aprili 1888, mwaka mmoja kabla Hans Meyer hajafika kilele cha Kibo. Familia yake ilikuwa na mali, na angeweza kukaa barazani akihesabu fedha. Badala yake, akiwa na miaka 14, alipelekwa kwa Higaonna na kuanza na yaleyale: kazi za nyumbani kwa mwalimu, kukimbia, na Sanchin isiyokwisha. Wengi walioanza naye waliacha. Yeye alibaki. Mwaka 1915 naye akavuka bahari kwenda Fuzhou, kuutafuta mzizi wa elimu aliyoipokea. Baadaye alitunga kata yake mwenyewe, Tensho, ambayo ni ndugu ya Sanchin: mikono imefunguliwa, inakwenda kwa mviringo na ulaini, na pumzi ni ileile.

Mtindo huo ulikuwa bado hauna jina. Mwaka 1930 mwanafunzi wake hodari, Jin'an Shinzato, alikwenda Tokyo kuonyesha kata mbele ya mabingwa wa Kijapani. Mmoja akamuuliza: wewe ni wa shule gani? Shinzato hakuwa na la kujibu. Aliporudi alimweleza mwalimu. Miyagi akalichukua jina kutoka katika Bubishi, kitabu cha kale cha Kichina kilichopendwa na mabingwa wa Okinawa, ambamo imeandikwa kwamba kuvuta na kutoa pumzi kuna ugumu na ulaini. Go ndio ugumu, ju ndio ulaini. Mwaka 1933 Goju-ryu ikaandikishwa rasmi kwenye chama kikuu cha sanaa za mapigano cha Japani. Ni mwaka uleule ambao wakulima wa kahawa huku mlimani waliunda KNCU, chama chao cha ushirika.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niwaite. Mwaka 1940 gavana wa Okinawa aliunda kamati itafute namna ya kuwafundisha watu wa kawaida karate. Kata za zamani zilikuwa ngumu mno kwa mwanafunzi wa shule. Miyagi na mwenzake Shoshin Nagamine, aliyekuwa askari polisi, wakaombwa watunge kata mpya za kuanzia. Miyagi akatunga Gekisai. Hatua zake ni kubwa na za wazi, hata mtoto anaweza kuzishika kwa wiki chache. Bingwa aliyelelewa katika siri alikaa chini akajiuliza mtoto anaweza nini, kisha akapanga hatua zake kwa kadiri hiyo.

Ilikuwa kazi ya wakati wake, kwa sababu vita vilikuwa njiani. Hapa Kahe, Machi 1916, Waingereza na Wajerumani walipigana juu ya ardhi isiyo yao, na wenyeji wakabaki na makovu. Okinawa ilipatwa na jambo hilo kwa ukubwa usiosemeka. Kuanzia Aprili hadi Juni 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana katika kisiwa kile, na waliokufa walizidi 200,000, wakiwemo raia wengi sana. Miyagi alipoteza watoto wake watatu. Shinzato, aliyetarajiwa kumrithi, naye aliuawa. Nyumba zilibomoka na maandishi yakaungua. Miyagi alikuwa na umri wa miaka 57, na alianza upya: akafundisha polisi, akafundisha vijana katika ua wa nyumba yake Naha, juu ya ardhi tupu. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1953.

Wanafunzi wake waligawana kazi. Meitoku Yagi akawa na Meibukan. Ei'ichi Miyazato akajenga dojo, yaani nyumba ya mazoezi, aliyoiita Jundokan, ambayo ipo Naha mpaka leo. Gogen Yamaguchi, aliyepewa jina la utani la Paka, aliieneza Goju-ryu Japani bara. Morio Higaonna, wa kizazi kilichofuata, aliunda shirika la kimataifa mwaka 1979. Wanajeshi wa Marekani waliokaa Okinawa nao walijifunza karate na kurudi nayo kwao, na huko Wamarekani weusi wakaipenda.

Ndipo inapoingia Tanzania. Miaka ile, baada ya Azimio la Arusha la 1967, Dar es Salaam ilikuwa mji wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na Wamarekani weusi walikuja kuishi na kufanya kazi nasi. Mmoja wao ni Nantambu Camara Bomani. Mwaka 1973 alianzisha dojo ya Goju-ryu katika Shule ya Sekondari Zanaki, katikati ya jiji. Jina lake likawa la Kiswahili: Hekalu la Kujilinda. Kutoka pale walitoka walimu, na walimu hao wakatoa walimu wengine, ndani ya nchi na ughaibuni. Tazameni: Higaonna aliifungua katika shule ya Naha, Miyagi akawatungia kata wanafunzi wa shule, na ilipofika kwetu ikaingilia mlango wa shule.

Kwa hiyo wewe mwenye mateke, siku utakapokwenda mjini kutafuta dojo ya Goju-ryu, usitegemee kuanza kwa kuruka. Utavua viatu. Utainama kusalimia. Utafundishwa kusimama na kupumua. Ukishaweza hayo, mwalimu atakupa Gekisai ya kwanza, ileile ya 1940. Inaanza kwa kugeukia kushoto na kuinua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Kupiga kunafuata baadaye.